Ankoro: Pikipiki ikiharibikia mikononi mwa fundi, kasho haitaitengeneza

Ankoro, eneo la Manono, jimbo la Tanganyika – Pikipiki inafunguliwa moteri garajeni asubuhi, inafungwa jioni, feza inalipwa, fundi na mteja wanaachana kwa amani. Siku tatu baadaye moteri inakufa njiani, na amani inakufa nayo. Mwenye pikipiki anasema fundi ameiharibu. Fundi anasema piesi ilikuwa mbovu. Muuza piesi anasema fundi hajui kazi. Kabla jua halijazama, mmoja wao ameshafika polisi, na mwingine analala kasho.

Jambo hili linajulikana Ankoro, Manono, Nyunzu, Kabalo na katika mji wa Kalemie. Linajirudia hata watu wanaliona kama desturi. Lakini ni desturi mbaya. Inamaliza feza ya pande zote, haiponyeshi moteri, na pale ambapo mmoja ni mkaaji wa zamani na mwingine ni mkimbizi wa ndani, inaweza kuzaa uadui mkubwa kuliko pikipiki yenyewe. Ugomvi wa garaje ni deni kati ya watu wawili. Dawa yake ni karatasi kabla ya kazi, na fundi wa tatu baada ya kazi kuharibika.

Asiyeishi huku anaweza kucheka na kuuliza kwa nini pikipiki moja iwe habari kubwa. Aangalie ramani. Ankoro iko pale mto Luvua unapoingia Lualaba. Mitumbwi na mashua zinapita, lakini mtoni zinaishia ukingoni. Reli ya Kabalo hadi Kalemie ilifika ziwani tangu mwaka 1915, lakini haipiti Ankoro. Katika vijiji vya ndani, gari likipatikana ni bahati, na wakati wa mvua hata bahati hiyo inakwama kwenye matope. Kinachobaki ni baiskeli na pikipiki. Pikipiki ndiyo inayopeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa kwenye hospitali. Ndiyo inayoleta chumvi, sabuni na dawa, na kurudi na mihogo, mahindi na samaki wakavu. Ikisimama wiki mbili, si kijana mmoja tu anayekosa chakula.

Tena mara nyingi anayeiendesha si mwenye mali. Mwenye mali anangoja malipo yake kila jioni. Wamotari wengi wamepewa pikipiki kwa mapatano: watalipa kidogo kidogo, na siku deni likiisha pikipiki itakuwa yao. Moteri ikifa mikononi mwa fundi, motari anabaki katikati ya moto miwili. Mwenye mali anadai malipo ya siku ambazo pikipiki haikutembea. Fundi anadai feza ya kazi iliyobaki. Ndiyo sababu hasira inapanda haraka.

Lakini hasira haionyeshi nani mwenye kosa. Moteri iliyotengenezwa ikifa mapema, kuna angalau milango minne ya kuangalia.

Mlango wa kwanza ni kazi ya fundi. Labda hakukaza vizuri, labda aliacha mchanga ndani, labda alirudisha pete za pistoni zilizochoka akidai ni mpya. Mara nyingi si fundi mkubwa aliyefanya kazi bali mwanafunzi wake, naye mkubwa alikuwa amekwenda kunywa chai.

Mlango wa pili ni piesi. Madukani kuna piesi za bei tofauti zenye sanduku linalofanana. Nyingine zinapita Lubumbashi, nyingine zinavuka ziwa hadi bandari ya Kalemie, na zikifika Ankoro zimepita mikono mingi. Mteja akinunua ile ya bei ya chini, kisha akamwambia fundi «weka hii hii», fundi hawezi kubeba lawama peke yake. Naye fundi aliyeona ubovu wa piesi akanyamaza kwa sababu anataka kazi, hawezi kujifanya hakuwepo.

Mlango wa tatu ni mafuta. Mafuta ya moteri yanayouzwa kwa chupa ndogo kando ya njia hayana alama ya aliyeyatengeneza. Yale yaliyokwisha kutumika, yakichujwa, yanaweza kuonekana safi kwa macho. Moteri mpya ikitiwa mafuta kama hayo haitadumu, hata fundi awe hodari namna gani.

Mlango wa nne ni mwendeshaji mwenyewe. Moteri iliyobadilishwa pistoni inahitaji siku za rodaji: kutembea pole pole, bila mzigo mkubwa, na kubadilisha mafuta mapema, ili vyuma vipya vizoeane. Motari ambaye amekaa wiki bila kazi hana subira hiyo. Siku ile ile anapakia watu wawili na gunia la mahindi, anapanda milima kwa mwendo mkali. Jioni moteri inashika, naye anarudi garajeni akipiga kelele.

Nani anaweza kusema ni mlango upi kati ya hiyo minne? Si polisi, kwa sababu polisi hakusomea moteri. Si chefu wa kata peke yake. Ni fundi mwingine, asiye ndugu wa mmoja wao, atakayefungua moteri mbele ya wote na kuonyesha kwa kidole. Pistoni iliyokwaruzwa kwa kukosa mafuta ina sura yake. Pistoni iliyopigwa na valvu ina sura yake pia. Chuma hakina kabila wala rafiki.

Badala ya kufanya hivyo, watu wanakimbilia polisi. Sababu yao inaeleweka: fundi anayemdharau mteja anaogopa mwito wa polisi. Lakini hesabu ya njia hiyo ifanywe vizuri. Kuna feza ya mwito, kuna feza ya usafiri wa anayekwenda kukamata, kuna feza ya kumtoa mtu, kuna ile inayoitwa amande bila risiti. Mlalamikaji anatoa, mlalamikiwa anatoa. Mwishoni feza ambayo ingenunua pistoni nzuri na mafuta safi imekwisha, na pikipiki bado imelala garajeni ikiwa imefunguliwa. Fundi aliyelala kasho hana hamu ya kuifunga, na akiifunga, nani atapanda juu yake bila wasiwasi?

Sheria nayo haiko upande wa kasho. Kazi mbaya ya garaje, kama haina wizi wala ulaghai ndani yake, ni jambo la madai, si la jinai. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu iliingia mwaka 1976 ikiitwa Zaire, unasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema anayekamatwa na polisi hawezi kuzuiliwa zaidi ya saa 48 kabla ya kuachiwa au kupelekwa mbele ya kiongozi wa sheria anayehusika. Kumfungia fundi siku nne ili ndugu zake walete feza si haki. Ni biashara.

Sheria ya mapatano ya nchi yetu ni ya zamani, tangu tarehe 30 Julai 1888, lakini bado ina nguvu na inasema mambo ambayo kila garaje ingefaa kuyajua. Kifungu cha 33 kinasema mapatano yaliyofanywa kwa haki yanakuwa sheria kwa walioyafanya. Kifungu cha 258 kinasema anayemharibia mwenzake kwa kosa lake analazimika kulipa uharibifu huo. Na kifungu cha 260 kinamgusa moja kwa moja fundi mkubwa: anajibu kwa makosa ya mwanafunzi wake akiwa chini ya uangalizi wake. Neno lile «si mimi, ni kijana wangu aliyefanya» halimwokoi. Aliyepokea feza ndiye anayejibu.

Haki inataka kusema upande wa pili pia. Kuna siku ambapo polisi ndiyo mlango unaofaa. Fundi aliyetoa piesi nzima katika pikipiki ya mteja, akaweka nzee na kuuza ile nzima, hakufanya kazi mbaya. Ametumia vibaya mali aliyoaminiwa, na hilo ni kosa la jinai. Vilevile anayeuza pikipiki aliyoachiwa, akidai ilipotea. Vilevile pale ambapo breki zilizofungwa ovyo zimeua au kujeruhi mtu. Hapo hakuna kusuluhisha gizani kwa mbuzi na mkono wa pole. Lakini moteri iliyokufa baada ya siku tatu, bila wizi na bila jeraha, haiko katika orodha hiyo.

Kuna jambo lingine linalofanya ugomvi huu usichukuliwe kama mchezo. Jimbo la Tanganyika limejaa watu waliokimbia makwao. Vita kati ya Batwa na Baluba ilitawanya vijiji, na familia nyingi zikajaa katika kambi na katika nyumba za watu Kalemie, Nyunzu, Manono na kwingineko. Katika mwaka 2025, vita vya Kivu vilipozidi, familia nyingine ziliingia Kalemie kwa ziwa na kwa barabara ya Fizi. Ankoro yenyewe haijasahau Novemba 2002, mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai yalipoua raia na kuteketeza nyumba kwa maelfu.

Katika hali hiyo, kijana aliyekimbia anatafuta kazi inayoanza bila shamba. Wengine wanaendesha pikipiki ya mtu. Wengine walikuwa mafundi kwao, wanafungua garaje ndogo chini ya mwembe, na vyombo vyao vyote vinaingia katika ndoo moja. Fundi wa namna hiyo akikosea, maneno yanayosikika si «amefunga vibaya». Yanayosikika ni «hawa watu wa kuja ni wezi». Na motari mkimbizi akidhulumiwa na fundi mwenyeji, nyumbani kwake hawasemi «tumepata fundi mbaya». Wanasema «hapa hawatutaki». Hivyo pistoni moja inageuka kesi ya makabila.

Tena mkimbizi ana mzigo ambao mwenyeji hana. Hajulikani na chefu. Hana mjomba polisi. Karatasi zake labda zilibaki katika nyumba iliyoungua. Kama haki ni ya mwenye kujulikana na mwenye feza ya mwito, yeye ameshashindwa kabla ya kusema. Ndiyo maana njia ya wazi, inayofanana kwa wote, ni ulinzi kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Na ni ulinzi kwa mwenyeji pia, kwa sababu deni la mtu anayeweza kuhama kesho halidaiwi kwa maneno matupu.

Njia hiyo haihitaji mradi wala mgeni kutoka mbali. Inaanza kabla bolti ya kwanza haijafunguliwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule linatosha. Fundi na mteja waandike tarehe, namba ya pikipiki, ubovu uliosemwa, kazi itakayofanywa, bei ya kazi, bei ya piesi na nani atakayezinunua, na siku ya kumaliza. Waandike pia siku ngapi fundi anaisimamia kazi yake: wiki moja, wiki mbili, kadiri watakavyopatana. Wote watie sahihi au alama ya kidole, na shahidi mmoja pia. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu anayemwamini. Karatasi mbili, kila mmoja abaki na yake.

Piesi nzee zirudishwe kwa mwenye pikipiki. Hapo ataona kama kweli zimebadilishwa, na fundi mwaminifu hana sababu ya kuzificha. Risiti ya duka iwekwe pamoja na karatasi. Kama mteja amechagua piesi ambayo fundi anaikataa, fundi aandike hivyo. Siku ya kutoa pikipiki, wote wawili waijaribu pamoja, wasikilize moteri ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto, waangalie kama mafuta yanavuja, ndipo feza ya mwisho itoke. Na fundi aseme masharti ya rodaji kwa sauti mbele ya shahidi, tena yaingie kwenye karatasi.

Kazi ikiharibika hata hivyo, hatua ya kwanza ni mwenye pikipiki kutoifungua mwenyewe wala kuipeleka kwa fundi mwingine kimya kimya. Akifanya hivyo amefuta alama. Airudishe kwa aliyeitengeneza, na shahidi awepo. Wakikosa kuelewana, waite fundi wa tatu ambaye wote wanamkubali, wamlipe nusu kwa nusu, naye afungue moteri mbele yao. Kosa likiwa la kazi, fundi arudie kazi bure na alipe piesi alizoharibu. Likiwa la piesi, warudi wote dukani na risiti. Likiwa la mwendeshaji, alipe, na fundi apunguze bei kwa wema kama anataka kumbakiza mteja. Makosa yakichangana, gharama igawanywe. Mwenye mali naye akubali kusimamisha malipo ya jioni siku ambazo pikipiki iko garajeni, kwa sababu hawezi kukamua ng'ombe aliyelala.

Wakishindwa hapo, kuna kamati ya wamotari, kuna chefu wa kata au wa kijiji, kuna baraza. Neno baraza lina uzito katika jimbo hili. Batwa na Baluba waliokuwa wamemwagiana damu waliketi katika mabaraza na kuzungumza juu ya mashamba, mahari na maiti. Watu walioweza kuketi kwa ajili ya hayo hawawezi kushindwa na pete za pistoni. Kinachotakiwa ni kwamba katika kesi ya garaje awepo fundi anayejua, awepo mjumbe wa wakimbizi pale mmoja wao anapohusika, na uamuzi uandikwe. Baraza lisitoze faini kwa kujitajirisha, wala lisimfungie mtu. Likianza kufanya hivyo, limekuwa kasho lenye viti.

Mlango wa mwisho ni tribinali ya amani. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 inaipa uwezo wa kuhukumu madai ya thamani isiyozidi franka za Congo 2.500.000. Kazi nyingi za kufungua moteri ya pikipiki zinaingia humo. Shida ni umbali na gharama, hasa kwa mtu wa Ankoro. Ndiyo sababu karatasi na baraza ni vya lazima. Lakini ile karatasi yenye sahihi mbili, pamoja na maneno ya fundi wa tatu, ndiyo itakayompa jaji kitu cha kushika siku kesi ikifika kwake.

Majirani wameonyesha kwamba serkali inaweza kufupisha njia hiyo. Kenya, ambayo tuko nayo pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Congo ilipoingia mwaka 2022, ilitunga mwaka 2016 sheria ya mahakama za madai madogo. Zinahukumu madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, na sheria inataka kesi iishe katika siku 60. Katiba yao ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa. Mafundi wa Nairobi hawajawa malaika kwa sababu hiyo. Lakini mteja aliyedhulumiwa ana mlango ambao hauna kasho nyuma yake. Wabunge wa jimbo na wa taifa waliochaguliwa Tanganyika wangeweza kuuliza kwa nini mlango kama huo usijengwe huku, au angalau kwa nini jaji wa amani asisafiri kuwafuata watu walio mbali.

Wakati hayo yanangojwa, kuna yanayoweza kuanza wiki hii. Mafundi wa Ankoro wakutane, wachague watatu au wanne wanaoaminika kwa kupima kazi za wenzao, wenyeji na wakimbizi wakiwa pamoja. Vyama vya wamotari viwape wanachama wao daftari. Wakubwa wa polisi wawakataze watu wao kupokea kesi za deni na kuzifanya mapato. Na wenye pikipiki waache kuamini kwamba mwenye sauti kubwa ndiye mwenye haki.

Fundi mzuri hatapoteza kitu kwa karatasi. Atapata wateja, kwa sababu watu watajua anasimamia kazi yake. Anayeikataa karatasi ameshajibu swali ambalo mteja hakuuliza, na mteja huyo aisukume pikipiki yake hadi garaje inayofuata.